UZI: Maboresho ya kudai kwenye programu huria za bakapu ya mtandao, tuyapime kwa laini zetu za Kivu

Mlinzi_Nyawera, Bukavu

Ndugu, salamu kwenu. Tunaandaa mapendekezo ya kupeleka kwa watengenezaji wa programu huria za nakala rudufu: Bareos kwanza, halafu Bacula iliyoizaa, kisha restic na Borg. Kabla ya kupeleka, tuchambue hapa kipi kinakosekana kweli, kipi kipo ila hakijawashwa, na kipi ni shida ya umeme ambayo hakuna programu itaiponya.

Tutumie mfano mmoja ili hesabu zilingane. Ofisi iko Bukavu, ina mashine 12 na seva moja ya faili. Bakapu kamili ni GB 40, faili kama 400,000. Seva ya bakapu iko Goma. Laini ikitulia inapakia megabiti 2 kwa sekunde, yaani KB 250 kwa sekunde, MB 900 kwa saa. GB 40 zinataka zaidi ya saa 44. Dirisha la usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, linapitisha GB 8.1 tu. Kwa hiyo bakapu kamili moja ni usiku tano mfululizo, na hapo laini isikatike hata mara moja. Nani hapa ana laini hiyo?

Ninayopendekeza: (1) kazi iliyokatika iendelee pale ilipoishia, (2) kasi ipangwe kwa saa za siku, (3) mteja (mashine inayofanyiwa bakapu) aliye nyuma ya modemu ya simu aanzishe muunganisho mwenyewe, (4) orodha ya faili ya Accurate (ukaguzi wa kila faili dhidi ya bakapu iliyopita) ikae kwa mteja, isisafirishwe kila siku, (5) bajeti ya mega kwa siku, (6) kurasa za usimamizi kwa Kifaransa na Kiswahili.

Chambueni bila huruma.

FundiKadutu

Shefu, namba 3 ifute, ipo tayari. Wengi bado wana picha ya Bacula ya zamani: director (programu inayoongoza kazi zote) anamwita mteja kwenye poti 9102, kisha mteja anaita storage (programu inayohifadhi data) kwenye 9103. Mteja akiwa kwenye modemu ya simu, mtoa huduma amemficha na mamia ya wengine nyuma ya anwani moja, director hampati ng'o. Bareos inakuruhusu kugeuza. Kwenye resource (kifungu cha usanidi) ya Client upande wa director:

`Connection From Director To Client = no`
`Connection From Client To Director = yes`

Upande wa mteja, kwenye resource ya Director, weka `Address` ya Goma na mistari hiyo hiyo miwili. Washa upya huduma ya mteja, bareos-fd, ingia bconsole (pa kuandikia amri za director), andika `status director`. Mteja aliyejiunganisha ataonekana kwenye orodha ya wanaosubiri kazi. Ruta ya Goma inafungua 9101 na 9103, basi.

Kwa laptop zinazozurura, ongeza kwenye Job `Run On Incoming Connect Interval = 24h`. Mashine ikijiunganisha, na bakapu yake nzuri ya mwisho imepita saa 24, kazi inaanza yenyewe bila kungoja ratiba.

Kinachoangusha watu hapa si hiyo mistari, ni `Address` ya Storage. Director humpa mteja anwani ile ile iliyoandikwa kwenye resource ya Storage. Ukiandika 192.168.1.10 kwa sababu director na storage viko chumba kimoja Goma, mteja wa Bukavu ataitafuta 192.168.1.10 kwenye mtandao wake mwenyewe, na kazi itaganda ikisema inasubiri storage. Andika jina, si namba. Kila upande utafsiri jina hilo kwenye `/etc/hosts` yake.

Mgeni_Bagira

Samahani wakubwa, ukiweka VPN (handaki la siri kati ya Bukavu na Goma) si hayo yote yanakwisha?

FundiKadutu

Mdogo wangu, sehemu kubwa ndiyo. WireGuard, programu ya VPN, ina faida moja ambayo watu hawaihesabu. Modemu ikipoteza mtandao na kurudi na anwani nyingine ya nje, anwani ya ndani ya handaki haibadiliki, kwa hiyo muunganisho wa TCP uliomo ndani haujui kilichotokea. Unangoja tu. Linux kwa kawaida hurudia kutuma pakiti mara 15 (`tcp_retries2`) kabla ya kukata tamaa, na hiyo ni kama dakika 15. Laini ikikatika dakika tano, kazi inaendelea bila kosa lolote kwenye logi.

Weka `PersistentKeepalive = 25` upande wa mteja, la sivyo ruta ya mtoa huduma inasahau njia. Na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja): WireGuard huanza na 1420, lakini laini nyingi za simu hazipitishi hiyo. Dalili yake ni ya ajabu: mteja anaonekana mzima, `status client` inajibu, kazi inaanza, halafu byte hazipandi kabisa. Ujumbe mfupi unapita, pakiti zilizojaa zinapotelea njiani. Weka `MTU = 1280` pande zote mbili ndipo uendelee na uchunguzi mwingine.

Himbi_root, Goma

Handaki linasaidia mikato mifupi. Kwa delestaji (mgao wa umeme) ya saa tatu halisaidii, na hapo ndipo namba 1 inasimama peke yake juu ya nyingine zote. Nieleze hali ilivyo leo, kwa sababu pendekezo likienda na maelezo legelege litajibiwa «tayari lipo».

Bareos: ukiweka `Reschedule On Error = yes`, `Reschedule Interval = 30 minutes` na `Reschedule Times = 18`, kazi iliyokufa inarudiwa. Inarudiwa tangu mwanzo. Full (bakapu kamili) iliyokatika kwenye GB 30 inaanza GB 0. Kuna pia `Checkpoint Interval` upande wa storage: inaandika faili zilizokwisha kupita ndani ya katalogi (hifadhidata ya director) wakati kazi inaendelea, ili kilichofika kiweze kurejeshwa hata kazi ikifa. Ni kitu kizuri, lakini kazi inayofuata haiendelei kutoka hapo.

Bacula imekwenda hatua moja mbele: `Allow Incomplete Jobs`, kazi inapewa herufi I kwenye katalogi, na amri `restart` inaiendeleza. Mteja anapewa orodha ya faili zilizokwisha fika, anaziruka. Ila kipimo chake ni faili nzima. Una faili moja ya GB 12, imekatika kwenye GB 11? Zote 11 zinapakiwa tena. Kwa laini ya mfano wetu hiyo ni saa 12 za kupakia zilizotupwa.

Kwa hiyo tusiandike «tunaomba kuendelea baada ya kukatika». Tuandike hivi: storage ikiri kupokea kila MB 64, mteja aandike kwenye diski yake hadi wapi imekiriwa, na akirudi aendelee na JobId (namba ya kazi) ile ile kuanzia hapo, hata katikati ya faili.

Na tuwawekee mezani ugumu wake kabla hawajatuuliza. Faili inaweza kubadilika kati ya nusu ya kwanza na ya pili. Basi mteja ahifadhi saizi na mtime (saa faili ilipobadilishwa mwisho). Kimoja kikibadilika, faili hiyo ianze upya, hiyo tu. Kwenye Windows kuna ugumu zaidi: picha ya VSS (picha ya diski ya wakati mmoja) hufa kazi ikifa, kwa hiyo nusu ya pili inatoka kwenye picha ya saa nyingine. Kwa nyaraka za ofisi hakuna shida. Kwa hifadhidata ni hatari, maana utarejesha kitu ambacho hakikuwahi kuwepo kwa pamoja. Kazi iliyounganishwa hivyo lazima ipewe alama yake kwenye katalogi, isifichwe nyuma ya T ya kazi iliyokamilika vizuri.

Kamalondo10, Lubumbashi

Huku Katanga tunauliza: kwa nini mhangaike? restic na Borg zinakata faili vipande na kila kipande kina jina lake kutokana na maudhui. Kilichofika kimefika.

Himbi_root, Goma

Yaya, «kimefika» ina masharti yake. Tuyataje, kwa sababu nayo yanazaa mapendekezo.

restic hukusanya vipande ndani ya pakiti (faili za kuhifadhia, si pakiti za mtandao) za MiB 16. Kwa KB 250 kwa sekunde, pakiti moja inachukua kama sekunde 67. Laini inayopepesa kila dakika itaitupa pakiti nusu na kuirudia milele. `--pack-size 4` inashusha hadi sekunde 17. Hiyo 4 ndiyo ya chini kabisa inayokubaliwa, na hapo nina pendekezo dogo: waruhusu 1 kwa laini mbovu, hata kama faili zitakuwa nyingi kwenye seva.

Pili, faharasa (orodha ya vipande vilivyohifadhiwa). Wakati wa bakapu restic huandika faharasa kila dakika 10 hivi. Umeme wa mashine ukikatika kabla, pakiti ziko Goma lakini hakuna anayezijua. Bakapu inayofuata inazipakia tena. Dawa ni `restic repair index` kabla ya kurudia, nayo inasoma vichwa vya pakiti zisizojulikana na kuziingiza. Iendeshe kwenye seva ya Goma yenyewe, si kupitia laini. Pendekezo: muda huo wa dakika 10 uwe wa kubadilishwa.

Tatu, msitumie sftp kwenye laini hizi. ssh ikifa, restic inakufa nayo. Tumia rest-server (seva ya restic yenyewe): kila ombi la HTTP linasimama peke yake, na restic hurudia lililoshindwa kwa dakika kadhaa. Washa `--append-only` (kuongeza tu, hakuna kufuta) ili virusi vya fidia vikiingia Bukavu visifute nakala za Goma.

Borg ya 1.x nayo huweka kituo (alama ya pa kuendelea) kila sekunde 1800. Ukikatwa dakika ya 29, dakika 29 zimekwenda. Weka `--checkpoint-interval 300`. Kwenye ssh ya mteja weka `ServerAliveInterval 10` na `ServerAliveCountMax 30`, na upande wa seva `ClientAliveInterval 10` na `ClientAliveCountMax 30`. Bila hizo za seva, mchakato wa zamani unabaki umeshika kufuli Goma na bakapu ya kesho inakataliwa. `borg break-lock` itumike tu ukishahakikisha hakuna borg inayoendelea. Kufuli hilo la mwandishi mmoja kwa hazina (ghala la nakala) moja ni kati ya mambo yanayobadilishwa kwenye Borg 2, ambayo bado ni ya majaribio, msiiweke kazini.

Mapendo_Muhumba

Aksanti kwa maelezo. Ila yaya Kamalondo, kwa mashine 12 restic inakupa ratiba 12, nywila 12 na logi 12 zilizotawanyika. Mashine ya mhasibu isipofanya bakapu wiki tatu, nani anajua? Director mmoja ana katalogi moja. `List jobs` inakuonyesha. Ndiyo maana bado tunadai Bareos iboreshwe badala ya kuhama.

Sasa namba 4. Fanyeni hesabu kwanza. Accurate inapeleka kwa mteja jina na taarifa za kila faili kabla ya kuanza. Tuseme byte 120 kwa faili: faili 400,000 ni MB 48, na zinateremka, hazipandi. Hata kwa KB 250 ni dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Hilo si tatizo la kumsumbua mtengenezaji, isipokuwa kwa anayelipia kila mega.

Na msidanganyike kuizima. Mashine nyingi za hapa zina betri ya CR2032 iliyokufa kwenye motherboard. Umeme ukirudi, saa inaanza mwaka 2015. Mtumiaji anaandika faili kabla NTP haijarekebisha saa kupitia mtandao. Faili hiyo ina mtime na ctime za 2015. Incremental ya kawaida inatafuta zilizobadilika baada ya kazi iliyopita, kwa hiyo faili ya «2015» inarukwa, leo na kesho, hadi Full ijayo. Accurate inalinganisha na orodha, inaikamata. Betri yenyewe ni ya bei ya chai, ibadilisheni, lakini Accurate ibaki.

Pia angalieni eneo la saa. Seva iliyoandaliwa Kinshasa inakuja na Africa/Kinshasa, nyuma yetu kwa saa moja. Ratiba ya 20:00 inaanza 21:00 huku na kuchelewa kumalizika kwa saa nzima. `timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`.

Jambo ambalo halimo kwenye orodha na lingepaswa kuwa la pili: Bareos inatuma faili nzima ikibadilika hata kwa byte moja. Dampu (nakala nzima) ya hifadhidata ya GB 3 kila usiku ni saa 3 na dakika 20 za laini, hata kama mauzo ya siku ni mistari 50. Kukata vipande kungeimaliza hiyo.

Kamalondo10, Lubumbashi

Hapo umenena, mama. Lakini dampu iandaliwe vizuri, la sivyo vipande havisaidii popote. Ukiibana na gzip ya kawaida, badiliko la mstari mmoja mwanzoni linageuza karibu kila kitu kinachofuata, na hakuna kipande kinachofanana na cha jana. Toa dampu isiyobanwa, bakapu yenyewe ibane: restic inabana kwa zstd tangu 0.14, mradi hazina iwe ya umbo la 2. Kwa PostgreSQL: `pg_dump -Fc -Z 0`. Kwa MySQL na MariaDB: `mysqldump --single-transaction --order-by-primary`, mpangilio wa mistari usiyumbe. Anayelazimika kubana kabla, `gzip --rsyncable`.

FundiKadutu

Namba 2, kasi kwa saa. Leo Bareos inakubali `Maximum Bandwidth Per Job` lakini ni namba moja mchana na usiku. Schedule inakuruhusu kubadili Level, Pool, Storage, hata Accurate, lakini si kasi. Njia ya mzunguko ni cron (kipanga kazi cha Linux) kwenye seva ya director:

`30 7 * * 1-6 echo "setbandwidth limit=40kb/s client=nyawera-fd" | bconsole`
`0 18 * * 1-6 echo "setbandwidth limit=240kb/s client=nyawera-fd" | bconsole`

Hizo ni kilobyte, si kilobiti. Aliyechanganya anaiba laini ya ofisi nzima mara nane. Ubovu wa njia hii: director akizimika saa moja na nusu asubuhi, amri haiendeshwi na kazi ya usiku iliyochelewa inakula laini hadi jioni. Ndiyo maana tunataka iwe ndani ya usanidi.

Wakiuliza mfano, tuwaonyeshe BackupPC, programu nyingine ya bakapu: `BlackoutPeriods` yake (saa za katazo) inakuja na saa 7.0 hadi 19.5, Jumatatu hadi Ijumaa. Uzuri wake ni `BlackoutGoodCnt`: katazo linaihusu tu mashine iliyoonekana mtandaoni mara nyingi mfululizo. Laptop inayotokea mara moja kwa wiki inafanyiwa bakapu saa yoyote ile. Hiyo ni akili, na haina gharama.

Mgeni_Bagira

Na hiyo Full ya kwanza ya GB 40, wakati tunangoja hayo maboresho?

Mapendo_Muhumba

Ivuke ziwa kwa boti, mdogo wangu. Hivi:

Chukua laptop yenye diski ya USB ya TB 1, weka juu yake bareos-sd. Nakili usanidi wote wa storage ya Goma: jina lile lile, nywila ile ile, Media Type ile ile. Kwenye director, Storage inatumia jina, tuseme sd.bakapu. Mashine za Bukavu ziambiwe kwenye `/etc/hosts` kwamba sd.bakapu ni IP ya laptop kwenye mtandao wa ndani. Director wa Goma aambiwe kwamba ni IP ya WireGuard ya laptop hiyo hiyo. Endesha Full. Data inakwenda kwa laptop kwa kasi ya mtandao wa ndani; kinachopita kwenye laini ya Goma ni majina na sifa za faili, makumi ya MB tu. Zima huduma, safirisha diski, nakili faili za volume (zenye data ya bakapu) kwenye saraka ya storage ya Goma, mmiliki awe mtumiaji bareos, rudisha `/etc/hosts` zote. Katalogi haijui kama kuna kitu kimehama. Jaribu kurejesha faili tano kabla ya kufuta diski.

Diski isafiri imesimbwa kwa LUKS. Bandarini mizigo inafunguliwa.

Baada ya hapo usifanye Full kwenye laini tena. Tumia Always Incremental ya Bareos: kazi ya Consolidate inaunganisha incremental za zamani na Full upande wa Goma, bila mteja kuguswa. Inahitaji angalau vifaa viwili kwenye storage, kimoja kinasoma na kingine kinaandika. Kikiwa kimoja, kazi inajingoja yenyewe hadi uichoke. Acha pia nafasi ya Full mbili kwenye diski, maana ya zamani haifutwi hadi mpya ikamilike.

Himbi_root, Goma

Na nakala ya tatu isikae Goma peke yake. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, na Mei 2021 ikashuka tena. Anayefanya bakapu kutoka Himbi kwenda Birere hajatoka nje ya hatari. Bukavu mna tetemeko la Februari 2008 na mioto ya Kadutu, kwa hiyo hoja ni ile ile kwenu.

Jambo la umeme upande wa storage: ikizimika ghafla wakati inaandika, volume na katalogi zinatofautiana saizi, na volume yaweza kuwekwa alama ya Error. Kama umeacha volume moja kubwa ya GB 500 kwa kazi zote, umejifungia kila kitu humo. `Maximum Volume Jobs = 1`: kazi moja, volume moja. Na betri ya seva iunganishwe na NUT (programu ya kufuatilia betri) ili seva izime kwa heshima. Gurupe (jenereta) ikichelewa kuwaka, betri ya VA 650 haingoji muda mrefu.

Kamalondo10, Lubumbashi

Namba 6 iondoeni kwenye kifurushi hiki. Tafsiri si kazi ya kudai, ni ya kufanya: mtu anachukua faili za lugha za kiolesura anazileta zimejazwa. Namba 5 ibaki, lakini semeni bajeti ikiisha kitokee nini. Kazi ife? Isimame? Mimi nasema isimame kama imekatika, iendelee kesho. Yaani namba 5 inategemea namba 1.

Mlinzi_Nyawera, Bukavu

Sawa, 3, 4 na 6 zimetoka. Nimefuata muundo ambao mradi wa Bacula uliutumia kwenye orodha yake ya mapendekezo: nini, kwa nini, maelezo.

*Nini:* Bakapu iliyokatika iendelee na JobId ile ile kutoka kwenye kituo cha mwisho kilichokiriwa na storage, pamoja na katikati ya faili. Umbali kati ya vituo upangwe kwa MB.

*Kwa nini:* Kwenye laini ya megabiti 2 Full ya GB 40 huchukua saa 44 za kupakia. Umeme hukatika ndani ya muda huo. Kwa `Reschedule On Error` kazi haitamalizika kamwe.

*Maelezo:* Faili iliyobadilika saizi au mtime ianze upya. Kazi iliyotumia picha mbili za VSS iwe na alama yake. Kasi kwa saa iwe sehemu ya Schedule. Bajeti ya byte kwa siku isimamishe kazi kwenye kituo, isiiue. Kutuma vipande vilivyobadilika tu: pendekezo la pili, litumwe peke yake.

Kimebaki cha kuwafanya waone wenyewe, maana mtengenezaji aliyeko Köln ana laini isiyojua kukatika.

Himbi_root, Goma

Wape laini yetu ndani ya mashine mbili za majaribio. Kwa mteja, amri ya kuchelewesha na kupoteza pakiti:

`tc qdisc add dev eth0 root netem delay 300ms 80ms loss 3% rate 2mbit`

Kufuta: `tc qdisc del dev eth0 root`. Wa VSAT (satelaiti) aweke delay 600ms, na hapo ataona kitu kingine: kama dirisha la TCP limebaki byte 65536, kasi haizidi KB 109 kwa sekunde hata laini iwe na upana wa bure. `Maximum Network Buffer Size` ndiyo ya kuchezea.

Mkato wenyewe, kwenye storage:

`iptables -I INPUT -p tcp --dport 9103 -j DROP`
`sleep 1200`
`iptables -D INPUT -p tcp --dport 9103 -j DROP`

Sekunde 1200 ni makusudi, ili tupite zile dakika 15 za TCP. Ukiweka 300 kazi itapona yenyewe na watasema hakuna tatizo.

FundiKadutu

Ongeza kwenye maelezo kwamba ni DROP, si REJECT. REJECT inamjibu mteja papo hapo; laini ya kweli inakaa kimya. Na amri iendeshwe kwenye storage kama ulivyoandika, kwa sababu ikizuiwa kwenye mashine ya mteja yenyewe, kernel yake inajua pakiti haikutoka, na hiyo si sawa na pakiti iliyopotelea njiani. Waambatanishie logi ya `bareos-fd -d 200` ya kazi nzima, kuanzia kabla ya mkato.